Kivuli Nilichokificha

Klabu yetu ya wapanda milima iko Dar es Salaam, mji ambao mlima wake ni ngazi za ghorofa siku lifti ikiharibika. Kazini wananicheka kwa hilo, nami nawaacha. Safari hii wikiendi ya wanachama tuliifanyia Kimbiji, kwenye nyumba ya kupanga karibu na ufukwe: Jumamosi pilau na stori, Jumapili asubuhi matembezi ya pamoja na shindano la picha. Wenzangu walikwenda kupumzika. Mimi nilikwenda na picha moja ndani ya bahasha.

Picha niliyoipeleka kwenye shindano haikuwa yangu.

Mara ya mwisho tulipopanda Kilimanjaro, nilishindwa kwenye ukingo wa kreta. Kichwa kilinigonga mpaka kiongozi akaniamuru nishuke. Ilikuwa mara yangu ya pili kurudishwa kabla ya kufika kileleni. Niliyekuwa naye, dada mmoja mwalimu anayekaa Segerea, alikuwa bado ana nguvu, ila simu yake ilikuwa imezimwa na baridi. Yangu nilikuwa nimeivisha soksi na kuiweka kifuani, kama tunavyofanya wengi kule, kwa hiyo ilikuwa inawaka. Nikampa aende nayo kileleni. Iliporudi ilikuwa na picha kumi na tatu, nami nikamtumia kumi na mbili.

Ile iliyobaki ilikuwa kivuli cha mlima wenyewe, kimelala juu ya mawingu wakati jua linachomoza, kimechongoka kama paa. Nilipoiona nilishikwa na wivu, sina neno jingine. Mimi ndiye mpiga picha wa klabu, na kilele kilikuwa kimenikataa mara mbili. Aliponiuliza mbona ile ya kivuli haioni, nilimwambia, "Kivuli gani? Labda uliota. Kule juu hewa haitoshi." Akaamini. Kule watu huona mengi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuliamkia jiwe shikamoo.

Kwenye shindano letu picha hubanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, bila majina. Kila mtu huweka punje moja ya maharage kwenye kikombe kilicho chini ya picha aliyoipenda, na mwenye punje nyingi husimama kueleza alivyoipiga. Nilithubutu kuipeleka kwa kuwa yule dada alikuwa ametuma ujumbe kwamba hatakuja, ana mitihani ya kusahihisha. Jumamosi jioni tukiwa tunakula, akaingia na begi lake mgongoni. Sahani yangu niliimaliza bila kujua nakula nini.

Asubuhi tulitoka kutembea kufuata njia ya mchanga kati ya mashamba ya mihogo. Picha zilikuwa tayari mikononi mwa katibu, aliyebaki nyumbani kuzitundika tukiwa njiani. Klabu yetu ina sheria moja hata kwenye tambarare: mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote huongoza, na hakuna wa kumpita. Aliyeongoza siku hiyo alikuwa mama mmoja mstaafu mwenye magoti mabovu. Nilitamani kumbeba. Mimi na yule dada tulipangwa nyuma kabisa, kufunga mkia.

"Nimekuja kuwaaga tu, kaka," aliniambia. "Mie milima basi."

Nikamwuliza kwa nini.

"Si ni ile ishu ya kivuli. Mie nilikiona vile, kama ninavyokuona wewe hapa. Sasa kama akili inaweza kunidanganya hivyo, si siku moja itanionyesha njia mahali penye korongo? Nina watoto wawili."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama amebakiwa na maji. Akanipa chupa yake, nikanywa, maji yakanipalia. Aliendelea kunieleza kwamba viatu vyake vya mlimani ameshampa mdogo wake, na kwamba ile safari yetu ijayo ya Mlima Meru wamwachie mtu mwingine nafasi yake. Alikuwa anaongea kwa utulivu, jambo lililonichoma zaidi.

Nyumba ilipoonekana nilianza kukimbia. Niliwapita wote, nikampita na yule mama mstaafu, nikasikia watu nyuma wakiguna na mmoja akisema huyu leo kaamkia upande gani. Nilitaka kuing'oa ile picha kabla hajaiona. Niliifikia kamba, nikatoa kibanio cha kwanza, cha pili kikagoma. Nilipogeuka yeye alikuwa amesimama nyuma yangu anahema. Alidhani naumwa, ndiyo maana alinifuata mbio.

Alikifungua kile kibanio kilichogoma, akaichukua picha na kuitazama.

"Ni yako," nilisema. "Hukuota. Niliificha kwa wivu, nikakudanganya."

Wenzetu walikuwa wanawasili mmoja mmoja, kila mtu na punje yake ya maharage mkononi. Sikujali tena nani anasikia. Dada yule aliirudisha picha kwenye kamba na kuibana vizuri kote kuwili. Kisha akamwuliza katibu kama orodha ya Meru bado iko wazi, akaambiwa iko wazi. Ndipo akanigeukia.

"Picha ningekupa tu, kaka," alisema. "Mie muda wote huu nilikuwa najiogopa mwenyewe."