Filamu Bubu Iliyosema Kiswahili cha Bukavu

Jumapili nilialikwa kula kwa rafiki yangu mmoja, mtaa wa Saint-Gilles, huku ughaibuni. Ana rafu nzima ya filamu za kale za Kijerumani, matoleo maalumu ya wakusanyaji, kila kasha bado limo ndani ya nailoni yake. Alitueleza sisi wageni wake kwa kirefu jinsi picha zilivyosafishwa upya. Nikamuuliza ni sehemu gani humgusa zaidi. Akakohoa, akaniongezea wali.

Mama yake, aliyekuja kutoka mtaa mwingine, Jette, alichukua kasha moja.

"Maman, usifungule! Ukifungula, haina tena maana."

"Bon, ni filamu ama ni maiti?" Akachana nailoni kwa meno.

Filamu ilikuwa bubu, maandishi yote Kijerumani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekijua. Basi mama akasimama kando ya televisheni, kama watafsiri wa vibanda vya video kule kwetu Bukavu, akampa kila mhusika sauti yake. Mchumba tajiri alipoingia, bibi harusi akamlilia baba yake: "Papa, huyu muntu simupendi, donc urudishe ngombe zake!" Tukashika mbavu. Binti alipofungiwa chumbani, tukasogea wote karibu na televisheni.

Mwenye rafu alikuwa ameshuka sofani, amekaa kwenye zulia. "Maman, rudia pale anamukatalia papa yake."

Nilijivunia watu wangu, wasioweza kutazama midomo ikicheza bila kuipa maneno. Rafiki yangu naye alipoteza kasha moja la maonyesho, akapata filamu moja aliyoiona kweli.