Kura Yangu ya Agosti

Siku ile ukumbini kwangu, Kingsbury, tulikuwa wanne: mimi, binti yangu wa mwisho, shoga yangu wa Pemba, niliyekuja naye London baada ya Mapinduzi, na mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu hajaota meno na anayekaa na mimi mpaka leo. Majina yao ninayo, ila siyaandiki.

Mimi kura hupiga kwa posta, natia saini na tarehe ya kuzaliwa, miguu hainichukui tena. Kwetu niliondoka sijapata kupiga hata moja, kwa hiyo hapa sikubali kuikosa. Mara ile nilishaamua: nampa yule mama aliyetupigania unyevu wa kuta zetu mpaka kaunsili, serikali ya mtaa, wakaja kutengeneza. Nikangojea bahasha. Mtoto wa dada ndiye anayeshuka kuchukua barua, na kila nikimuuliza, "Bado, khalati. Posta ya siku hizi!" Uchaguzi ukapita. Rafiki wa huyo mtoto wa dada naye aligombea, akashindwa.

Halafu ikaja barua ya kaunsili, na siku hiyo aliyeiokota ni binti yangu. Akanisomea: kura yangu imekataliwa, tarehe ya kuzaliwa hailingani na waliyonayo wao.

"Kura gani?" nikauliza. "Bahasha yenyewe sijaiona."

Binti yangu akapiga simu, akafungua sauti sote tusikie. Bibi wa ofisini akasema saini inafanana, lakini tarehe iliyojazwa ni ya Agosti.

Shoga yangu akacheka. "Agosti! Si sote tumezaliwa Januari mosi sisi?"

Ndivyo tulivyo. Tulipofika hapa, asiye na cheti cha kuzaliwa aliandikiwa Januari mosi, na mimi hujaza hiyo miaka yote. Agosti ndiyo siku yangu ya kweli, baba aliiandika nyuma ya msahafu. Wanaoijua ni wa nyumbani tu, wanaokula keki yangu siku hiyo. Tukamgeukia mtoto wa dada.

"Khalati," akasema, "kwani ningekuomba ungenikatalia?"

"Ningekukatalia."

"Kwa kura moja tu?"

"Mwizi wee!" shoga yangu akamrukia. "Na kuiba kwenyewe hujui!"

Yule bibi wa simu bado yupo, Kiswahili hafahamu. Akauliza kama namjua aliyejaza. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, sema." Nikamtazama yule mtoto. Yeye alikuwa anaitazama simu.

"Simjui," nikasema.

Kura nimenyang'anywa, na uongo nikamsemea mimi. Sasa yeye huwaambia watu kuwa aliniomba ruhusa mapema, jikoni, nikakubali, ila uzee umenisahaulisha. Mimi ninayekumbuka majina ya wenzangu wote wa chuoni, tulikosoma Kurani utotoni! Lakini ndugu zangu, nyinyi mnaoingia na kutoka jikoni kwangu, kama yuko aliyenisikia nikimruhusu, aje anisahihishe. Wallahi nitamshukuru. Bora niwe nimekosea mimi.