Siku Mama Alipolia Shuleni Kwetu

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Tottenham, ana kawaida ya kumwita mwanawe dirishani, sauti ameivuta ndefu, mwishoni inashuka. Kila nikiisikia naacha ninachofanya. Ninyi mtasema ni mama anaita mtoto aje kula. Mimi nakumbuka siku yangu ya kwanza katika shule mpya, nilipokuwa na miaka tisa.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kutoka Kilburn, mtaa mwingine wa jiji hilihili, mimi na mama. Wiki chache kabla ya hapo ilikuja simu kutoka Dodoma: babu, baba yake mama, amefariki. Mama asingeweza kwenda kuzika, maana karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado Home Office, kwa Waingereza wa uhamiaji, na ukitoka kabla hawajakujibu hurudi. Alikata simu, akavaa koti, akaenda kazini kusafisha ofisi za watu. Sikumwona akitoa hata chozi. Nami, mtoto wa kushuku kila kitu, nikaanza kumshuku mama yangu mwenyewe. Hivi huyu alimpenda babu kweli? Na mimi nikifa je?

Huko kushuku nilikurithi kwake. "Wakikuchekea sana, shika begi lako," ndivyo alivyoniusia asubuhi ile. Basi tulipofika, katibu wa shule akatuchekea sana, akatuambia tusubiri nje ya ukumbi mpaka tuitwe. Nikashika begi. Mama akaninong'oneza, "Wanatuweka nje wapate kukagua karatasi."

Hatujakaa sawa, ikatoka sauti ya mwanamke mle ukumbini. Ilipanda, ikavutwa, ikashuka ikitetemeka. Haikuwa Kiingereza. Kwa mtu aliyekulia kwetu, sauti ya namna ile ina maana moja tu.

"Humu mna msiba," mama akasema. "Na wametuficha."

Nilimwambia hii ni shule, mama, turudi nyumbani. Hakunisikia. Alitoa kanga kwenye mkoba, maana mama hakuwa mtu wa kutoka bila kanga, akajitanda, akavua viatu mlangoni, akaingia ameinama kama wanawake wa kwetu wanavyoingia kilioni. Hata hajafika katikati akapaza sauti: "Baba yangu wee, baba, umeniacha na nani?"

Ukumbi mzima wa watoto ukageuka. Wavulana waliopangwa mbele, tayari kukanyaga chini kwa kishindo, walibaki mguu mmoja juu. Nilitamani ardhi ipasuke. Shule mpya, rafiki sina hata mmoja, na tayari mimi ni mtoto wa yule mama anayelia.

Mwenye sauti ile alikuwa Miss Mere, mwalimu wa muziki, Mmaori, yaani mtu wa wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, ambaye wanafunzi wapya aliwapokea kwa desturi ya kwao ya kumwita mgeni aingie kwa sauti ya kuvuta. Nilimtazama nikingoja acheke. Alikuja taratibu, naye machozi yanamtoka, akagusisha paji la uso na pua yake kwa mama, wakasimama hivyo wakivuta pumzi pamoja. Nikazidi kushuku. Mtu gani huyu anayelia na mgeni asiyemjua? Hatimaye wavulana wakaimba na kukanyaga ngoma yao ya kukaribisha wageni, tukaletewa chai na biskuti, na mama, ambaye wiki zile alikuwa anadonoadonoa tu chakula, akala mpaka nikaona haya.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa naaga shule, Miss Mere aliniambia kwamba kwao mgeni haitwi peke yake. Anaitwa pamoja na marehemu wake, na hao hukumbukwa na kuliliwa kwanza. "Wazazi wengine wote waliingia wakitabasamu," akasema. "Mama yako ndiye aliyeniitikia."

Lakini mama alikuwa ameshanijibu siku ileile. Jioni kwenye basi nilimsuta: "Mama, pale hapakuwa na msiba. Umeniaibisha."

Alikuwa anaikunja kanga. "Ulikuwepo wa babu yako," akasema. "Ulitaka nikamlilie wapi? Kwenye kile chumba chetu, na kuta zile nyembamba? Majirani wangeita polisi."

Siku ile nilidhani anajitetea tu. Leo mama naye hayupo, na kuta za kwangu ni nyembamba vilevile.