Tumbo la Haiwahusu

Katika milima ya Kondoa mtoto wa mbwa hauzwi. Anayemtaka humwekea nafasi akingali tumboni, kwa kumpelekea mama yake pumba, ukoko wa ugali, au vichwa vya samaki ikiwa ni siku ya mnada. Kwa hiyo Haiwahusu, mbwa jike wa Mwamvua, alipoanza kutuna tumbo wiki kadhaa baada ya kumaliza joto la kutaka dume, wageni hawakukauka uani. Kila mmoja na kibakuli chake. Hata Adamu, mdogo wa marehemu mume wa Mwamvua, mtu mwenye mkono wa birika tangu utotoni, alileta pumba.

Hawakukosea kumtamani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, malori ya kila mfanyabiashara yakipanda mlimani kufuata mazao, na kila familia ilikuwa imepanua shamba hadi ukingoni mwa msitu, yaani mezani kwa nyani. Mwamvua, mjane asiye na mtoto, alikuwa akivuna kuwapita wenye watoto saba kwa sababu ya mbwa huyo mmoja. Jina alimpa mwenyewe, kuwajibu waliouliza mwanamke wa Kiislamu anafuga mbwa wa nini. Wa kulinda shamba dini haijamkataza, ila Mwamvua hakupenda kueleza jambo mara mbili.

Sasa mahindi yalikuwa yamebeba na mlinzi hainuki. Watu walisema ndivyo mimba ilivyo. Mwamvua alimtazama kwa macho yake mwenyewe. Mbwa alikuwa akimaliza karai zima la maji na kutaka jingine, akitapika pumba za watu, na nyuma alitokwa na uchafu uliokuwa ukinuka. Aliweka kiganja tumboni, akangoja sana. Hakuna kilichocheza.

"Huyu hana mimba," akawaambia. "Anaumwa."

Nasra, jirani aliyeahidiwa kuchagua mtoto wa kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta. "Shangazi nawe. Tumbo lote hilo ni la ugonjwa?"

Kicheko kile kilimkata maini Mwamvua, na si kwa ajili ya mbwa peke yake. Ujanani tumbo lake nalo liliwahi kutuna. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akaanza kukusanya khanga za kumbebea mjukuu. Alipolia kwa maumivu aliambiwa ajikaze, uzazi ndivyo ulivyo. Alifikishwa hospitali Dodoma hajitambui, akatolewa uvimbe, na kizazi kikaenda nao. Kilichomuuma miaka yote hiyo si kisu. Ni zile wiki alizosema naumwa, na watu wakamjibu hongera.

Akaenda kwa Adamu kuazima baiskeli ya kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo mjini.

"Shemeji, baiskeli yangu ibebe mbwa?"

"Nitaiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Udongo hautuishii milima hii, mvua ikinyesha unajipeleka wenyewe korongoni."

"Na akipasuliwa huko, watoto wetu je?"

"Hakuna watoto, Adamu. Nipe baiskeli. La sivyo nitambeba mgongoni, na watu njiani wataniuliza baiskeli aliyoniachia marehemu mume wangu iko kwa nani."

Adamu akaitoa ndani. Mwamvua alimlaza Haiwahusu kwenye tenga, akalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, akaanza kuisukuma kuelekea mjini Kondoa. Waliomkuta njiani walisema yao. Hakusimama kumjibu hata mmoja, maana kila kilima alisikia pumzi ya mbwa ikizidi kuwa fupi.

Nyuma ya soko alikuwapo Respicius, daktari wa mifugo aliyepunguzwa kazini serikali ilipoanza kujitoa katika huduma hizo, akafungua duka lake la dawa. Riziki yake ilitoka kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini. Mbwa hakuletewa mara nyingi. Alimpima joto, akabonyeza tumbo taratibu.

"Mama, kizazi kimejaa usaha. Huwapata majike baada ya joto, hasa waliokwenda umri. Sindano peke yake haitamponya, dawa ni kukitoa chote. Na umemleta akiwa hoi, anaweza kunifia mezani."

"Kitoe."

"Akipona hatazaa. Wengi nikiwaambia hivyo wanamrudisha nyumbani afe. Nenda kwanza ukashauriane na wenzako."

"Daktari, mimi changu kilitolewa," Mwamvua akasema. "Tangu hapo nimelima, nimevuna, nimemuuguza mume wangu mpaka nikamzika. Kitoe."

Respicius akamdunga mbwa sindano ya usingizi. Hakuwa na msaidizi, kwa hiyo Mwamvua ndiye aliyekishika kichwa cha mbwa, mate yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Aliogopa, na hakuuondoa mkono.

Kizazi kilipotoka kilikuwa kinene kama muhogo. Daktari alikipasua juu ya beseni, usaha ukamwagika, na harufu ikajaa chumba. Wakati huo Adamu alikuwa mlangoni, amefuata baiskeli yake, au ndivyo alivyojiambia. Alichungulia beseni, akatafuta watoto wa mbwa kwa macho. Hakumwona hata mmoja.

Alikaa kwenye kizingiti mpaka daktari alipomaliza kushona. Kuelekea alasiri Haiwahusu alifumbua macho, akalamba midomo. Respicius akasema moyo unapiga vizuri, na akishinda siku chache bila homa atapona.

"Shemeji," Adamu akaita kwa sauti ya chini. "Na wewe siku zile, ulikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Adamu aliinamisha kichwa. Yeye pia alikuwapo wakati wa vigelegele. "Pole," akasema. "Ya leo na ya siku zile. Mahindi yako nitayalinda mimi mpaka apate nguvu."

Mwamvua alikuwa amejiandaa kwa masimango, kwa kumzika mbwa, hata kwa kuirudia njia ile peke yake. Kwa pole hakujiandaa. Alilia hapohapo, mbele ya daktari, mkono wake bado uko kichwani kwa mbwa.