Mahindi ya Juu ya Moto

Juzi, stendi ya Same, nilisikia harufu ya mkate wa mahindi, nikamkumbuka mama.

Mwaka ule baba alikuwa kwenye vita vya Waingereza, nasi tulikuwa na njaa. Mchana mmoja mama alishusha mahindi yaliyoning'inia juu ya moto, akayasaga kwenye jiwe, akaoka mkate ndani ya majani ya mgomba. Nilirukaruka nikiimba.

"Mama, leo sikukuu?"

"Kula, mwanangu."

Mkate ulinukia moshi, nikadhani ndio utamu wenyewe. Sikujua moshi ule ulikuwa wa kuyakinga mahindi na wadudu mpaka masika.

Mvua zilipoanza, majirani walikwenda kupanda. Mama alibaki jikoni. Nikamuuliza mbona sisi hatuendi.

"Mbegu tulizila siku ile ulipoimba," alisema.