Boga Lililokula Mafuta

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Simu wekeni chini, na kama mnasomea kwenye simu hiyo hiyo, basi acheni kuchungulia mambo mengine. Mimi shule niliishia darasa la nne, na gari sijui kuendesha. Lakini nimepanda gari Jumamosi nyingi kutoka hapa Kilosa mpaka Mikumi, na nimeona mwenyewe kinachokula mafuta. Mwanangu alikitafuta mpaka uvunguni, asikione.

Kwanza niwaambie kwa nini Jumamosi. Mikumi yupo dada yangu. Tulizaliwa wengi, tumebaki wawili. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, na ndiye aliyenichapa nilipostahili. Aliolewa huko, akazeekea huko, na sasa miguu imegoma. Ukisema umngoje aje yeye, utangoja sana. Kwa hiyo naenda mimi. Mwanangu wa mwisho, ninayekaa kwake, ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, ana gari dogo la zamani. Kila Jumamosi ananipeleka, na mkewe anakuja pia, maana kwa dada yangu kuna kucheka.

Siku moja alitoka sheli, akakaa barazani na kofia mkononi.

"Mama, mafuta yamepanda tena. Hii safari ya kila wiki hatuiwezi. Tuwe tunaenda mwisho wa mwezi."

"Mwezi?" nikamwambia. "Wewe unajua dada yangu amebakiza miezi mingapi?"

Mwanangu huyu maneno yakimshinda huchukua spana. Kesho yake nikamkuta yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, anasema atalifanya lile gari linywe mafuta kama kuku anavyokunywa maji. Nikamwambia vizuri, mimi Jumamosi nimeshavaa.

Mwanzoni alifanya mambo ya akili, sitamnyima haki yake. Keria ya juu, ambayo hatukuwa tunaifungia chochote, aliing'oa. Matairi yaliyokuwa yamelegea kama mashavu ya mzee aliyajaza upepo. Chujio la hewa akalitoa, akalikung'utia kwenye nguzo ya ua, likatoa vumbi mpaka nikaanua nguo zangu kambani. Gari likapumua. Mshale wa mafuta ukasogea kidogo, lakini si wa kumfanya abadili neno lake la mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo akaenda kwenye simu. Akaona watu wa nchi za mbali wanafunika magari yao chini na magurudumuni, ati upepo usiyashike.

"Upepo ndio mwizi, mama. Unaingia chini ya gari, unalivuta nyuma."

"Upepo wa Kilosa haujawahi kunivuta mimi nikienda shamba."

"Wewe huendi kasi, mama."

"Na wewe kwenye mashimo yale unakwenda kasi gani?"

Jioni nikaona pipa langu la plastiki, la kukingia maji ya mvua, limepasuliwa kama samaki wa kukausha. Amelifungia chini ya gari kwa waya na misumari ya kukaza, tumbo lote limefunikwa. Nilisema niliyosema, hayo hayaandikwi. Akaniahidi pipa jingine.

Ijumaa tukapata wageni. Nikamwambia mkwe wangu apakue wali kwenye masinia.

"Masinia yako garini, mama," akasema, anaangalia pembeni.

"Garini wapi? Kwenye buti?"

"Magurudumuni."

Nikatoka kuona. Masinia yangu manne, ya shughuli, yametobolewa matundu pembeni na kufungwa kwa waya, kila gurudumu na sinia lake, yanang'aa. Wageni wakala kwenye mabeseni. Mkwe wangu akasema, "Mama usihuzunike, sisi ndio watu wa kwanza Kilosa kuendesha gari la kulia wali." Nikamwambia anyamaze, lakini nilicheka nilipoingia ndani.

Jumamosi tukaondoka. Watoto wa barabarani walitupigia kelele, "Pilau hilooo! Pilau linapita!" Mwanangu amekaza shingo, anaangalia mbele kama dereva wa mkuu wa wilaya. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipopita kijiji cha Ulaya, gari likaanza kunguruma, likawa zito, likaenda kwa kujivuta kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Mshale wa mafuta tunauona unashuka. Hatimaye akasimama pembeni, akainama kuchungulia.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Tope, mama."

Lile pipa lilikuwa limechota tope la njia nzima. Tope letu jeusi mnalijua, likishika halina huruma. Chini ya gari mlikuwa na shamba zima la kupanda mpunga. Hapakuwa na jingine ila kuinua gari na kulifungua pipa. Jeki iko wapi? Iko chini ya mzigo kwenye buti. Basi tukaanza kushusha mzigo.

Sasa huo mzigo lazima niwaeleze, maana nyie mnatembeleana na mikono mitupu. Kwetu huendi kwa mkubwa wako mtupu. Na chombo cha mtu ukikirudisha, hukirudishi kitupu. Dada yangu akinipa mchele kwenye ndoo, narudisha ndoo na mbaazi. Akipokea mbaazi, ananipa miwa ya Kidodi kwenye kiroba. Kiroba narudisha na unga. Ndivyo tulivyolelewa. Basi siku ile tukashusha kiroba cha unga, ndoo mbili za mbaazi, mkungu wa ndizi, kapu la viazi, beseni la mahindi, gunia la mkaa, na maboga. Tukavipanga kwenye majani, vikachukua nafasi kubwa. Jeki ikaonekana mwisho kabisa.

Akapita kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo. "Shikamoo bibi. Mnafungua genge hapa?"

"Marahaba. Pita zako."

"Hilo boga kubwa bei gani?"

"Pita zako, nimesema!"

Akaenda anacheka. Lakini mkwe wangu alikuwa ameinama, analigeuza lile boga. Lina kovu la jembe ubavuni, refu, limekauka.

"Mama," akasema taratibu, "hili boga si nililikata mimi na jembe wakati wa kupalilia? Si tulishalipeleka Mikumi?"

"Boga ni boga."

"Kovu hili ni la mkono wangu, mama. Tumelipeleka. Mama mkubwa akaturudishia chini ya mchele. Sasa tunalipeleka tena." Akajishika kiuno. "Jamani, boga hili limeiona Mikumi kuliko mimi!"

Mwanangu akatoka chini ya gari, tope mpaka kwenye nyusi. Akaliangalia boga. Akaiangalia ile mali yote kwenye majani. Akamwangalia mkewe, mimi hakuthubutu.

"Nimepasua pipa," akasema. "Nimetoboa masinia. Nimekimbizana na upepo. Kumbe nabeba ghala."

"Kumbe nini?" nikamwambia. "Ulitaka chombo cha dada yangu kirudi kitupu?"

"Hapana mama. Adabu ni adabu. Ila mafuta nayo hayana adabu. Kama ni mzigo huu, mwisho wa mwezi haukwepeki."

Neno hilo lilinichoma, lakini sikumwonyesha. Tukapakia, pipa tukaliacha kwa mwenye nyumba ya jirani alishie bata wake, tukaenda.

Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha miguu. Nikamsalimu, "Shikamoo dada." Akaitikia, macho yako kwenye magurudumu. "Marahaba. Mmeleta masinia kwa mtindo gani huo?" Nyuma yake nikaona mzigo wangu wa kurudi nao umeshafungwa, miwa, mchele, na maboga pia.

Mkwe wangu akamletea lile boga mapajani, akamsimulia yote. Dada yangu akalipapasa kovu, akacheka mpaka akaomba maji.

"Wewe mdogo wangu una kichwa kigumu tangu mgongoni kwangu. Maboga yananizibia mlango hapa, nilikurudishia ili nipate pa kupita! Nikikosa boga nitaazima kwa jirani. Nikikukosa wewe nitaazima kwa nani?"

"Na vyombo, dada? Virudi vitupu?"

Akafikiri, maana naye jambo hilo si dogo kwake. "Chumvi," akasema. "Mama alikuwa akikosa kila kitu anatia chumvi kiganja. Chombo hakikurudi kitupu, na hakuna aliyemcheka."

Tukakubaliana hapo hapo. Tulirudi watu watatu tu, na chumvi kwenye ndoo, na boga, maana alikataa kabisa kubaki nalo: "Ondokeni nalo, likafie kwenu." Gari likawa linaruka mashimo kama mbuzi aliyekatwa kamba. Tulipoingia Kilosa mwanangu akaugonga mshale kwa kidole, akadhani umekwama. Haukukwama.

"Jumamosi ijayo tunaondoka saa ngapi, mama?" akauliza.

"Ile ile."

Mkewe akadakia kutoka nyuma, "Bado mtu mmoja tu wa kupunguzwa uzito humu, ila kumtaja siwezi." Nilimsikia vizuri sana.

Tulipofika sikukaa. Nikawasimamisha uani, mtu na mkewe, nikasema: "Kuanzia leo hakiingii kitu kwenye hilo buti mpaka nikione mimi. Chombo cha Mikumi kinarudi na chumvi kiganja, na anayeona haya abebe mzigo wake kwa baiskeli. Wewe, masinia yangu yatoke magurudumuni, yasuguliwe kwa majivu, yawe kabatini kabla ya magharibi. Na wewe unayehesabu uzito wa watu, chukua kisu. Hilo boga lipikwe leo leo, kabla halijapata safari nyingine."