Kuku wa Mpiga Saksafoni

Siku dada yangu anaolewa, wapiga ngoma wa kijiji chetu cha Ihanda walibebwa asubuhi kwenda kumpokea mgeni wa chama, na mgeni mwenyewe hakutokea. Basi muziki wa harusi ukabaki kwangu, mimi na santuri yangu moja.

Niliipata Tunduma kwa dereva wa lori, Mzambia, nikampa kisado cha maharage. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamume amefumba macho, anapuliza saksafoni iliyopinda kama kiko.

"Huyu hata kwetu hakuna anayemjua," dereva alisema, anacheka.

Nikamhurumia. Mtu apulize namna ile, halafu asijulikane!

Sikuwahi kuisikia mpaka siku hiyo, mjomba alipoleta gramafoni yake ya betri. Saksafoni ikaanza polepole, ikapanda, ikakatika, ikavuta pumzi, ikapanda tena. Watu wakangoja mwimbaji aanze. Wapi! Shangazi akaweka bakuli chini.

"Huyu analia," akasema.

Na kwetu mtu haachwi alie peke yake. Akina mama wakaizunguka gramafoni. "Pole, baba. Nyamaza, baba." Mmoja akaifunika khanga.

Wakwe kutoka Igamba wakasimama wote. "Kilio kwenye harusi? Mkosi huu! Sisi tunaondoka, na bibi harusi wenu mbaki naye."

Dada akanitazama chini ya mtandio, machozi yanamlenga. Nikaropoka la kwanza lililonijia: "Huyu ni wa upande wetu! Analia kwa kuwa mnamchukua dada yake."

Saksafoni tu ndiyo iliyoendelea kunitetea.

Mzee wao akakohoa. "Sasa mbona hamkusema kuna kaka mwingine? Hatukumletea kitu."

"Si ndiyo maana analia," shangazi akadakia.

Wakanong'onezana, kisha wakaleta tetea mwekundu, wakamfunga kwenye mguu wa meza ya gramafoni. Mzee akainama. "Shemeji, pokea. Utusamehe."

Santuri ikafika mwisho. Nikaigeuza. Upande wa pili ukaanza mbiombio, saksafoni inacheka kama mtu anayetekenywa.

"Amepokea!"

Vigelegele, vumbi! Dada akaondoka kwenda Igamba huku anacheza.

Yule tetea alizeekea kwetu. Kila nilipomtamania mchuzi, shangazi alinikemea: "Mwenyewe akija kumwulizia, tutamwambia nini?"